Darasa la kuonja waini kwa wanaoanza, nilivyoliona

Mimi miaka yote kwenye waini nilikuwa na neno moja tu, kali. Ikinikunja uso ni kali, ikiteleza ni tamu, basi. Ndo nikajiandikisha hili darasa la saa mbili, kila mtu mbele yake glasi sita na kikopo cha kutemea, na hicho kikopo nilikicheka mwanzoni ila kufika glasi ya nne nikaelewa kazi yake, maana ukimeza zote hata pua haikwambii kitu tena.

Kilichorudisha hela yangu ni zoezi moja. Mwalimu kaleta vikombe viwili wala havina waini, kimoja maji ya limau, kingine chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake mpaka ikawa nyeusi. Akasema onjeni mniambie mdomo unafanya nini. Limau, mate yanajaa pembeni ya ulimi, hiyo ndo asidi. Ile chai inakausha fizi, ulimi kama umepakwa chaki, huo ni ukakasi, unatokana na tanini, yaani vile vitu vya kukausha mdomo vilivyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndo maana nyekundu inao sana na nyeupe kidogo tu kwa vile juisi yake kwa kawaida hutenganishwa na maganda mapema. Tukaja waini zenyewe: Sauvignon Blanc, nyeupe, mate. Cabernet Sauvignon, nyekundu, chaki. Jamani, kumbe hiyo "kali" yangu ilikuwa vitu viwili tofauti kabisa!

Kwenye kunusa niliambulia kidogo. Wenzangu wanasikia ngozi, sijui tumbaku, mi nasikia zabibu. Tukaambiwa shika glasi kwenye mguu wake sio tumboni, nusa, izungushe, nusa tena, na kweli harufu inafunguka, ila hiyo ngozi sijaisikia mpaka leo.

Sasa lawama. Kuandaa mezani, kitu nilichokuwa nakitaka hasa, kumesukumwa dakika kumi za mwisho, mbio mbio tu: nyeupe inywewe kwenye nyuzi joto 8 hadi 12, nyekundu 15 hadi 18, glasi jaza uishie theluthi, nyepesi itangulie nzito. Halafu nyekundu yao yenyewe ilikaa mezani kwenye joto toka tunaingia, ukinusa ni pombe tupu inapanda puani, yaani wanafundisha wasichokifanya. Nyumbani yangu niliitia friji dakika 20 tu ikatulia. Na ile waini ya mapovu hakuna aliyeachiwa afungue, alifungua mwalimu mwenyewe, kakamata kizibo kwa nguvu akawa anazungusha chupa, kikatoka na kapumzi kadogo tu bila ule mlipuko wa sherehe.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukienda usijipulizie manukato, jirani yangu alikuja kayaoga, glasi mbili za kwanza nilikuwa namnusa yeye.