Plasti Dip kwenye mpini wa bastola bandia ya jukwaani

Kikundi chetu cha maigizo hapa Minnesota, Marekani, kina bastola bandia moja, nakala ya M1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, iliyomiminwa kwa resini (aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikagandamana) na isiyoweza kufyatua kitu chochote. Kwa mtazamaji aliyeketi safu ya tatu inatosha kabisa, lakini kwa mwigizaji anayeishika tangu pazia linapofunguliwa ilikuwa adha, kwa sababu resini ni ngumu na baridi, na kiganja kikishatoka jasho chini ya taa, mpini huteleza kama kambare. Ndiyo maana nilinunua Plasti Dip, mpira wa majimaji unaokauka kwa hewa, ambao kampuni yake iko papa hapa Minnesota, katika mji wa Blaine, na ambao mafundi wengi wanaujua kwa kuchovya mipini ya plaizi. Nilichukua rangi nyeusi kwa namna mbili, kopo la kuchovya na kopo la kupulizia, ili nilinganishe.

M1911 inamrahisishia fundi kazi, kwani mpini wake una vibao viwili, kimoja kila upande, na kila kibao kimeshikwa na skrubu mbili. Nakala yetu imefuata mpangilio huo, kwa hiyo nilivifungua vibao na kuvishughulikia mezani pasipo kuugusa mwili wa bastola. Mwenye nakala iliyomiminwa kipande kimoja atalazimika kufunika sehemu nyingine zote kwa selotepu ya karatasi, na asiifunike kwa mpira ile rangi ya chungwa iliyo mdomoni mwa mtutu, ambayo sheria ya shirikisho inaidai kwenye bastola za bandia zinazouzwa nchini.

Matokeo yanategemea maandalizi kuliko mpira wenyewe. Resini hutoka kwenye kalibu ikiwa na mabaki ya mafuta yaliyopakwa ili kitu kisigande humo, na mpira haushiki juu ya mafuta. Mara ya kwanza niliharakisha, nikavifuta vibao kwa kitambaa kikavu tu, na baada ya mazoezi mawili mpira ukaanza kubanduka ukingoni, pale kidole gumba kinapopumzika. Kosa lilikuwa langu. Mara ya pili nilivisugua kwa mswaki, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikapitisha msasa laini, nikaviacha usiku kucha vikauke, na mpira huo umeshika hadi leo.

Kibao cha kushoto nilikichovya, cha kulia nikakipulizia. Kuchovya kunataka mkono mtulivu, kwa maana ukikitoa kibao kwa haraka mpira hutiririka na kuacha matone kwenye ncha ya chini. Nilikivuta polepole, takriban sekunde tano kwa kila inchi, nikarudia baada ya nusu saa. Tabaka mbili zilitosha kunipa kile nilichokitafuta: mpini uliojaa kiganjani, wenye ulaini unaobonyea kidogo, usioteleza hata mkono ukiwa umelowa. Hata hivyo unene huo una gharama yake, kwani mpira ulijaza mifereji midogo ya nakshi iliyopishana kwenye kibao, matundu ya skrubu yakazibika ikabidi niyazibue kwa kisu chenye ncha kali, na kwa kuwa sikuwa nimefunika upande wa nyuma, kibao hakikukaa sawasawa mpaka nilipoubandua mpira wa huko. Kile kilichopuliziwa tabaka tano nyembamba kilibaki na nakshi yake yote na kiliingia mahali pake bila shida, lakini kinashikika tu, hakina ulaini.

Mwigizaji wetu alichagua cha kuchovya bila kusita, nami nakubaliana naye, kwa sababu nakshi haionekani kutoka kwenye viti, ilhali mkono wake ndio unaofanya kazi kila usiku. Kwa nakala ya kuwekwa kabatini ningependekeza kupulizia. Kwa vyovyote vile, selotepu iondolewe mpira ukiwa bado mbichi, la sivyo ukingo utachanika, na ingawa tabaka hukauka kwa takriban saa nne, mimi nilisubiri siku nzima kabla ya kufunga skrubu.

Ninasisitiza jambo moja kwa moyo wote: viyeyusho vilivyomo vinashika moto na mvuke wake ni mkali, kwa hiyo fanyia kazi mahali penye hewa inayopita, mbali na jiko na hita, ukiwa umevaa glovu na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Jaribu kwanza mahali palipofichika, kwani viyeyusho vya aina hii huweza kuyeyusha baadhi ya plastiki, hasa polistairini.

Mpira huu umekusudiwa kubanduliwa mtu anapoutaka utoke, na hilo kwetu ni faida, kwa kuwa bastola ikihitajika na mpini wa mbao katika igizo jingine tutauvua bila kuharibu kibao. Atakayeuchukulia kuwa wa kudumu maisha atahuzunika. Kopo la kuchovya lifungwe barabara baada ya kila matumizi, maana viyeyusho vikipotea mpira huwa mzito na huacha mabonge. Letu bado lina zaidi ya nusu, na wiki ijayo litatumika kwenye mpini wa upanga.