Nextcloud ndani ya Docker: usianze na SQLite

Kwa ofisi ndogo ya Kisumu au Nakuru inayotaka faili zake zikae kwenye mashine yake yenyewe, Nextcloud tunaipendekeza bila kusita. Ni programu huria ya kuhifadhi na kushirikisha faili, haina ada ya leseni, na intaneti ikikatika wafanyakazi huendelea kufungua faili kupitia mtandao wa ndani. Kinachowasumbua wengi ni hifadhidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu za faili na watumiaji.

Ukiiweka kwa Docker (programu inayoendesha kila huduma ndani ya kifurushi chake, kiitwacho kontena) na usitaje hifadhidata yoyote, utawekewa SQLite. Inawaka upesi, na kwa kuonja tu yatosha. Ila SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati: kompyuta kadhaa zikianza kulandanisha folda pamoja, logi hujaa `database is locked` na faili hukwama. Hifadhidata ya MariaDB inafaa, mradi uiwashe na `--transaction-isolation=READ-COMMITTED`. Sisi tunachagua hifadhidata ya PostgreSQL.

Kwenye `compose.yaml`, faili inayoiambia Docker huduma za kuwasha, weka huduma mbili, `db` (PostgreSQL) na `app` (Nextcloud), kila moja na volyumu yake, yaani mahali data yake inapokaa. Kwenye `app` andika `POSTGRES_HOST=db`. Wengi huandika `localhost` kisha wanashangaa muunganisho ukikataliwa. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena hilo lenyewe, na PostgreSQL haimo humo.

Kosa jingine linalokula saa nzima ni nenosiri. `POSTGRES_PASSWORD` husomwa mara moja tu, wakati folda ya data ingali tupu. Ukilikosea, kulirekebisha kwenye faili hakubadilishi kitu. Kama hujaweka data yoyote, endesha `docker compose down -v` uanze upya. Kama tayari kuna data, usiguse hiyo `-v`: inafuta volyumu zote.

Stima hupotea, kwa hiyo weka `restart: unless-stopped` kwenye huduma zote mbili, la sivyo mashine itawaka na Nextcloud isiamke. Ifunge pia anwani ya IP ya mashine kwenye ruta, isibadilike. Ikibadilika, Nextcloud itawakatalia watu kwa sababu haiitambui katika `trusted_domains`, orodha yake ya anwani zinazoruhusiwa.

Taja namba ya toleo badala ya `latest`. PostgreSQL 17 haiwaki juu ya data ya 16, na Nextcloud hairuki toleo kubwa: kutoka 29 lazima upitie 30 ndipo ufike 31. Kabla ya kila hatua, nakili folda ya faili pamoja na hifadhidata:

`docker compose exec -T db pg_dump -U nextcloud nextcloud > nakala.sql`