Kuwazuia Panya Wasiingie Kwenye Karavani: Cha Kununua na Cha Kuacha Dukani

Habari zenu, watazamaji wapendwa, na karibuni. Leo ninachambua bidhaa zinazouzwa hapa Marekani kwa ajili ya kuwazuia panya wasiingie kwenye karavani, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari, ambazo sisi tunaoishi majimbo ya kaskazini kama Minnesota huziegesha kuanzia mwezi wa kumi hadi theluji itakapoyeyuka. Bidhaa zote zilizo mezani nimezinunua kwa fedha zangu, na msimamo wangu ninausema mapema: fedha ya kwanza iende kwenye vifaa vya kuzibia matundu ya chini ya karavani, na itakayobaki ndiyo inunue mitego.

Sababu iko huku chini, nami nimetandika turubai nikalala chali ili niwaonyeshe. Hii plastiki nyeusi mnayoiona, yenye vijifereji ndani yake, ndiyo iliyofunika tumbo lote la karavani. Kiwandani huitoboa ili kupitisha bomba la majitaka, bomba la gesi na nyaya za umeme, na mara nyingi tundu hutobolewa kubwa kuliko bomba linalopita. Sogeza kamera hapa, pembeni mwa bomba la gesi. Kidole changu cha shahada kinaingia chote, ilhali panya mdogo wa nyumbani hahitaji zaidi ya milimita 6, yaani unene wa penseli. Akishapanda juu ya plastiki hii anaikuta sufi ya nyuzi za kioo iliyowekwa kuzuia baridi, nayo ni laini, kavu na imesitirika na upepo; anaichambua, anafanya kiota, kisha anafuata nyaya na mabomba hadi chini ya sinki, nyuma ya bafu na ndani ya kisanduku cha fyuzi. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi na huzaa watoto 5 au 6 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo jozi moja iliyoingia mwanzoni mwa baridi haibaki jozi moja. Tena meno yake ya mbele hayakomi kukua, naye hutafuna hata ngozi ya nyaya, na waya uliochunwa ndani ya ukuta wa mbao unaweza kuwasha moto.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawautilii maanani. Tazameni kifuniko hiki kidogo cha ubavuni, kinachotunza waya mnene wa umeme wa nje. Kimekatwa pengo chini ili kiweze kufungwa waya ukiwa umetolewa. Karavani ikiegeshwa waya unarudishwa ndani, na pengo hilo linabaki wazi miezi yote ya baridi.

Sasa tuje kwenye vifaa vya kuzibia. Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo penye tofauti ya kweli kati ya bidhaa na bidhaa.

Cha kwanza ni nyuzi za chuma, zile zile za kusugulia masufuria. Ni za bei nafuu, zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na panya hapendi kuzitafuna kwa sababu zinamchoma mdomoni. Udhaifu wake ni kutu. Kipande hiki kilikaa chini ya karavani msimu wote wa baridi, mahali panaporushiwa maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ninakibonyeza hivi, na mnaona kinavyomomonyoka na kuacha unga mwekundu kwenye glavu. Kwa tundu la ndani, chini ya sinki pasipofika maji, kinafaa; kwa nje sikipendekezi hata kidogo.

Cha pili ni wavu wa shaba, ambao huuzwa ukiwa umeviringwa, kwa mfano ule wa Stuf-Fit. Huu haushiki kutu kama chuma, unakatika kwa mkasi wa kawaida, na ukisokomezwa kwenye tundu unajikunja wenyewe na kushika. Ningeridhika nao kabisa isipokuwa kwa jambo moja ambalo maelezo ya pakiti sikuyaona yakiligusia: shaba ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa. Kama karavani yenu ni ya bati la alumini hadi tumboni, kama zilivyo za Airstream, msiuweke wavu wa shaba ukigusa bati hilo.

Cha tatu ni kitambaa cha nyuzi za chuma kisichoshika kutu zilizochanganywa na nyuzi za plastiki, na kinachojulikana zaidi ni Xcluder. Hiki ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza. Nikikivuta kwa nguvu hakitoki kwa urahisi, maana zile nyuzi zina ncha kali zinazojishikiza kwenye kingo za tundu, na kwa sababu hiyo hiyo ni lazima mvae glavu nene mnapokikata. Bei yake ni ya juu kuliko nyuzi za kawaida kwa mbali, lakini matundu ya karavani moja si mengi kiasi cha kufanya bei hiyo iumize. Kikateni kipande kikubwa kuliko tundu, kisukumeni ndani kwa bisibisi mpaka kijae sawasawa, kisha funikeni juu kwa gundi ya poliyurethani ya kuzibia nyufa, inayobaki na mnepo hata karavani inapotikisika njiani.

Lile povu la kupuliza linalovimba na kukauka, hata lile lililoandikwa kuwa ni la kuzuia wadudu na panya, halina nguvu likiwa peke yake. Panya hulitafuna. Litumieni kushikilia wavu tu.

Hapa ninaomba msikilize kwa makini, kwani bidii ya kuziba inaweza kudhuru uhai. Msizibe matundu ya hewa ya sehemu inayokaa mitungi ya gesi, wala tundu la kutolea moshi wa hita, wala matundu ya nyuma ya friji ya gesi. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, na matundu yale ya chini yamewekwa ili ikivuja itoke nje. Kwa mitungi na friji, funikeni kwa wavu wa mabati wenye macho yasiyozidi milimita 6 ili hewa iendelee kupita. Kwa hita, fuateni maelekezo ya mtengenezaji wake, kwa sababu baadhi yao hawaruhusu wavu wowote.

Kuhusu vitu vya kunukia sitakaa sana. Mafuta ya mnanaa hupungua nguvu kadiri harufu inavyopotea, na karavani iliyofungwa kwa miezi haina mtu wa kuyaongeza. Naftalini ni sumu, na harufu yake hukolea kwenye magodoro mtakayolalia watoto wenu. Vile vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu siviungi mkono: mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayowalinda wateja dhidi ya madai ya uongo, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60, ikiwakumbusha kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Sumu nayo humwua panya ndani ya ukuta msikoweza kumfikia, na bundi anayemla panya huyo hudhurika pia.

Kinachobaki ni mitego ya springi ya kawaida. Iwekeni ndani, ikiegemea ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa sababu panya hutembea kwa kufuata ukuta. Chambo cha siagi ya karanga kiasi cha punje ya harage kinatosha. Gundi ya panya siipendekezi, kwani mnyama aliyenasa akiwa hai hukojoa kwa hofu, na mkojo huo ndio hatari yenyewe.

Hatari hiyo ni virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu ya binadamu, ambavyo hapa Marekani hubebwa hasa na panya wa porini mwenye tumbo jeupe na macho makubwa. Mwaka 2012, katika hifadhi ya Yosemite, wageni 10 waliambukizwa na 3 kati yao walifariki; karibu wote walikuwa wamelala kwenye mahema ya kudumu yenye kuta mbili, na panya walikuwa wamejenga viota katika uwazi wa kati ya kuta hizo. Ukuta wa karavani una uwazi kama huo.

Kwa hiyo mkifungua karavani wakati wa machipuko na kukuta kinyesi, msifagie wala msitumie mashine ya kuvuta vumbi, kwa kuwa vumbi ndilo linalopeperusha virusi. Fungueni milango na madirisha, mkae nje kwa dakika 30. Vaeni glavu za mpira, kisha changanyeni sehemu 1 ya jiki na sehemu 9 za maji, lowesheni kinyesi na kiota mpaka vilowe chepechepe, na msubiri dakika 5 kabla ya kupangusa kwa karatasi. Karatasi hizo ziwekeni kwenye mfuko ndani ya mfuko mwingine na kuufunga, osheni glavu kwa sabuni zikiwa bado mikononi, kisha zivueni na kuosha mikono. Siku hiyo hiyo, kabla ya kurudisha magodoro, ingieni tena chini na tochi mkalitafute tundu alilopitia.