Mirror Reaper ya Bell Witch: matanga ya dakika 83

Albamu hii ya bendi ya Bell Witch ni wimbo mmoja tu, dakika 83, na gitaa halimo. Dylan Desmond anapiga besi ya nyuzi sita, mikono yote miwili shingoni mwa besi, mmoja ukishika noti ya msingi na mwingine ukitafuta melodi juu. Jesse Shreibman yuko kwenye ngoma na ogani. Ilitoka 2017, Marekani, lakini mtindo wake, doom metal ya mazishi (funeral doom, metali nzito ya polepole sana), ulikuzwa Finland miaka ya 1990 na bendi kama Thergothon: mwendo wa kujikokota, sauti ya kunguruma, noti inaachwa ilie hadi ijifie yenyewe.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Noti nzito zinashuka chini ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), spika hiyo haifiki huko, utabaki na ngoma peke yake na kusema albamu ni tupu. Chukua kaske ya kufunika masikio. Na hapa Goma umeme ukikatika, jenereta ya jirani inavuma hezi 25 na 50, palepale besi inapokaa, ngoja izimwe. Pakua faili zima mapema. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni mega 200 hivi. Kwa 128 ni 80, ila hiyo inachakaza matoazi, na hapa toazi likigongwa linaachwa livume mpaka mwisho.

Kiini kiko katikati. Adrian Guerra, mpiga ngoma wa kwanza, alifariki 2016 kazi hii ikiwa bado inatungwa. Sauti yake iliyobaki bila kutumika kwenye albamu yao ya 2015 ikaingizwa humu, kwa hiyo marehemu anaimba kwenye matanga yake mwenyewe. Inafanana na saa nane za usiku chini ya shitingi, kwaya imechoka, mwimbishaji anaburuza beti na hakuna anayemharakisha. Ule ukimya kati ya pigo na pigo ndio unaobana kifua, kuliko kelele.

Nusu ya pili ni nyembamba. Mwimbaji mgeni, Erik Moggridge, anaimba kwa upole, ngoma karibu zinapotea, na dakika kumi zingekatwa pale bila mtu kulalamika.

Masikio yaliyozoea ogani ya kanisani yaanzie kwa bendi ya Skepticism, albamu yao Stormcrowfleet ya 1995, kisha yarudi huku.