Uchambuzi: The Wailing, Mkorea asiye na haraka ya kukutisha

Wadau, karibuni tena. Niko hapa Mbeya, baridi la Julai limeshika, saa mbili usiku kila mtu kajifungia ndani kwake. Huu ndio msimu wa muvi za kutisha. Wengi mnaniuliza kwa nini nawaletea za Wakorea na Wahispania wakati za Marekani zimejaa kwenye kila flashi pale Mwanjelwa. Leo nawajibu kwa muvi moja: The Wailing, ya Korea Kusini, mwaka 2016, muongozaji Na Hong-jin. Kwao inaitwa Gokseong, jina la eneo la milima kinakotokea kisa. Mwisho wake siusemi, kwa hiyo tulieni.

Kuna polisi wa kijijini, Jong-goo. Usitegemee staa wa kupiga mateke. Huyu ni mwoga, ana kitambi, anaitwa kwenye mauaji lakini kwanza anakaa na familia yake anakula. Kijijini watu wanatokwa na vipele, akili zinawaruka, wanaua watu wa nyumba zao wenyewe. Maelezo ya kitaalamu yanasema ni uyoga wenye sumu. Mtaani wanasema ni yule mzee wa Kijapani aliyehamia juu msituni, anaishi peke yake na mbwa wake. Ukiuliza nani kamwona akifanya nini, ni huyu kaambiwa na yule. Halafu binti wa polisi naye anaanza kuumwa.

Sasa jamani, mtu wa Rungwe au Makete haambiwi jambo hilo lina uzito gani. Mvua haikati, ukungu umeshuka hadi mlangoni, mgonjwa yuko ndani, na jirani anakunong'oneza jina la mtu. Nyanda zetu hizi wazee wameshaumizwa kwa maneno ya namna hiyo. Muvi inakukalisha upande wa wanaoshuku, na unajikuta na wewe unataka yule mzee akafukuzwe. Ushahidi huna. Mimi hilo lilinitisha kuliko damu yote iliyomo, na damu imo.

Halafu ukija kwenye swali lenu la kwa nini siyo za Marekani. Muvi nyingi za Marekani sheria zake tumeshazikariri: padri anaingia, msalaba unatolewa, pepo anapiga kelele, kunakucha. Hata nani atakufa unajua, maana staa mkubwa hafi dakika ya kumi. Hapa huna pa kushika. Hwang Jung-min, aliyecheza mganga, kwao ni jina kubwa, lakini kwa mtazamaji wa Uyole ni sura tu kama sura nyingine. Anaweza kufa wakati wowote. Na huyo mganga akianza kazi yake, ngoma, visu, kuku, kelele, kamera inahama kati yake na mzee kule msituni ambaye naye ana mambo yake anafanya, wakati mtoto anagaragara sakafuni. Unajiambia umeelewa nani anampiga nani. Rudia kuangalia kipande hicho, utaona hakuna aliyekuambia. Ulijijazia mwenyewe.

Wa kanisani nao wamewekewa mtego. Muvi inafungua na maandiko, Luka 24, pale Yesu aliyefufuka anawaambia wanafunzi wamguse, kwa sababu roho haina nyama na mifupa. Unatulia kidogo, unasema haya, hapa nimepata kipimo. Shika kipimo chako, tuonane mwisho wa muvi.

Yule mtoto, Kim Hwan-hee, sijui walimpa nini. Kuna mahali anakula samaki na kumtukana baba yake, mtu mzima utakaa kimya kwenye kochi.

Kasoro zipo. Ni dakika 156, zaidi ya saa mbili na nusu, na nusu ya kwanza ina vichekesho ambavyo wengine vitawafanya wadhani wamepewa muvi siyo. Vumilieni. Na tafadhali, hii msiangalie iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili juu yake, ile ya kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Nawapenda watafsiri wetu, kwa muvi za ngumi hakuna kama wao, ila mtafsiri kazi yake ni kukuambia mapema nani adui na nani steringi, na kujaza utani kila palipo kimya. Muvi hii ukiondoa ule ukimya na ile hali ya kutojua, umebaki na mvua. Tafuta yenye sabtaito, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga.

Kama hujazoea, anza na REC, ya Hispania, 2007. Mtangazaji na mpiga picha wake wanafungiwa kwenye jengo moja Barcelona pamoja na wagonjwa wasioeleweka. Haifiki hata saa moja na nusu, na haikuachi upumue. Wamarekani waliirudia mwaka uliofuata wakaiita Quarantine. Angalia ya kwanza. Ile ya Wafaransa, Martyrs ya 2008, mnaiomba kila wiki na siwashauri. Ni mateso ya mtu mmoja yanayokwenda mbali sana. Imetengenezwa kwa ufundi, sikatai, lakini mimi nilitoka nimechoka zaidi ya kuogopa.

The Wailing naipa nane na nusu kwa kumi. Nusu nimekata kwa urefu, moja kwa mhusika mmoja wa kike mwenye nguo nyeupe, ambaye nilitaka nimwone zaidi. Watoto walale kwanza. Na mwenye mgonjwa nyumbani kwa sasa, hii iweke kiporo.