Niliuziwa lubugo “isiyo na mshono”

Bado nina hasira, mnivumilie. Nilinunua fungu la bakigraundi, yaani picha za kujaza nyuma ya ukurasa au bango, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikalipa kwa simu, na kilichonivuta ni neno alilolirudia kila mahali: “haina mshono.” Ndani ya fungu mlikuwa na sura za mikeka, vikapu, mbao, mchanga, na ile niliyoitaka hasa: lubugo, nguo ya gome la mti.

Kwa wasiofanya kazi hii ya usanifu wa picha, bakigraundi kama hizi huwa ni vigae: kigae ni kipande kidogo cha picha ambacho kompyuta hukirudia kwenda kulia na kwenda chini mpaka ukurasa ujae. Ukingo wa kulia sharti upokewe na wa kushoto, wa chini upokewe na wa juu, jicho lisijue kipande kimeishia wapi. Hicho ndicho tunacholipia. Picha nzuri tu hata mimi napiga.

Nilikuwa na bango la kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, la kusimama nyuma ya bibi na bwana harusi. Familia ilitaka sura ya lubugo, na kwa Waganda lubugo si pambo: ni gome la mutuba linalopondwa kwa nyundo za mti mpaka liwe nguo, huvaliwa kwenye sherehe za kifalme na hufungiwa wafu. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwenye simu sikuona kasoro. Tulipochapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, fleksi (turubai la plastiki la mabango) ya mita tatu ikitoka kwenye mashine taratibu, nikaona mstari. Halafu wa pili. Halafu wa tatu, imepangana kama vigae vya bafuni. Aliyepiga picha ile alikuwa na mwanga upande mmoja: kushoto pameng'aa, kulia pamefifia, na kila kipande kilipokutana na mwenzake pakabaki kovu.

Mama wa bibi harusi alikuja kulichukua mwenyewe. Akalipapasa, akasema polepole, “Mwanangu, lubugo hutiwa kiraka penye tundu. Hii mbona kama imekatwa kwa rula?” Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba siku moja.

Nikalipiga picha bango, nikamtumia muuzaji. Jibu lake: “Tatizo ni skrini yako, dada. Wengine hawalalamiki.” Skrini! Bango liko sakafuni, nimelikanyaga! Nikamsihi afanye jaribio ambalo kila mwanafunzi wa usanifu hufundishwa: sogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu, kinachotokea upande mmoja kiingie upande wa pili, kingo zije katikati, ukiona mstari, mshono upo. Ni kazi ya dakika moja. Hakujibu tena.

Usiku ule sikulala. Nilisawazisha mwanga kwanza, nikasogeza nusu, nikaufunika mshono kidogo kidogo kwa stempu ya Photoshop, ile inayonakili sehemu safi ya picha juu ya sehemu mbovu, nikichunga ile mifuo myembamba ya nyundo isikatike. Mshono ukaisha, na bado haikukubali: palikuwa na baka moja jeusi, nalo likijirudia mara ishirini jicho hulinasa hata kingo zikiwa safi. Nikaling'oa. Nikachapa upya kwa pesa yangu. Mama alipoliona safari hii aliligusa, akaniita fundi, na machozi yalinilenga.

Nilikaa kuandika haya nikitaka kuwaambia msinunue kabisa. Lakini nimejaribu vilivyobaki, na mikeka yake, lazima niseme ukweli, ni mizuri mno. Rangi za ukindu zimetulia, kingo zinakutana barabara, na faili ni jepesi, tovuti inafunguka haraka hata kwa bando la simu. Nimeitumia kwa mteja mwingine na amefurahi. Basi kwa mikeka, labda nunueni.

Hapana. Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimelisoma tena lile jibu la skrini na nimefuta mbili. Mikeka nitaendelea kuitumia, nimeshailipia.