Nilinunua Sweetheart of the Rodeo, nikakuta Jim Reeves ndani

Kitambo kidogo, kabla ya masika kuanza, niliingia katika duka dogo la santuri kuukuu hapa Nairobi na nikatoka na Sweetheart of the Rodeo kwapani, albamu ya country ya bendi ya Kimarekani, The Byrds. Shilingi elfu nne, na sikuomba kupunguziwa hata mia. Nilikuwa nimeitafuta kwa miaka. Kava lilikuwa zuri mno: ule mchoro wa Jo Mora wa miaka ya thelathini, binti mchunga ng'ombe katikati ya duara la maua, wapanda farasi wadogo wadogo wamemzunguka, rangi zote bado zimekolea. Nilitaka kuichomoa santuri niitazame kwenye mwanga, muuzaji akanizuia. "Usiishikeshike, kijana. Nimeikagua mwenyewe." Ni mtu wa rika la marehemu baba yangu. Nikamwamini.

Jioni nikapangusa sindano, nikakaa sakafuni karibu na spika, nikasubiri gitaa. Ikalia Krismasi. Ile sauti nzito na laini ambayo sisi tuliokulia Nyandarua tuliijua kabla ya kujua kusoma: Jim Reeves. Nikainua sindano, nikainama kusoma karatasi ya katikati. Twelve Songs of Christmas. Kava la Byrds, santuri ya Krismasi.

Sina neno na Jim Reeves. Baba alikuwa akimsikiliza redioni kila Jumapili akipiga viatu rangi, na nikimsikia hata leo nanusa kiwi. Lakini mimi sikulipia Jim Reeves.

Kesho yake nikarudi. Nikasema, "Shikamoo mzee, nadhani zilichanganywa." Hakuitazama hata hiyo santuri. "Kwani hiyo si country?" Nikamwambia ni country, ila siyo niliyonunua. Akawageukia wateja wawili waliokuwa wakipekua masanduku, akaongea nao badala ya kuongea nami: "Country ni Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Hao wengine ni vijana wa nywele ndefu waliojaribu wakashindwa. Huyu angejua tofauti kweli?" Wakacheka. Pesa hakurudisha. Nilimwita mzee mpaka natoka mlangoni, na ndiyo sababu bado nina hasira, kwa maana yote niliyotaka kumwambia niliyameza.

Basi nayasema hapa. Tofauti naijua.

Machi 1968, Byrds walipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la country kule Nashville, Marekani, na watu wa country wakawazomea kwa hoja hiyo hiyo ya nywele. Kati yao alikuwepo Gram Parsons, miaka 21, ndiye aliyewavuta wenzake kutoka rock hadi huko. Walikuwa wamekubaliana kuimba wimbo wa Merle Haggard, mwimbaji wa country. Akasogea kwenye maikrofoni, akasema ataimba wake mwenyewe, Hickory Wind, kwa ajili ya bibi yake. Wenye shughuli walikasirika vibaya. Wimbo wenyewe unakwenda polepole, kwa mapigo matatu matatu, ni wa mtu aliyetoka kwao akafika mji mkubwa na mji haukumpa alichodhani utampa. Nimeusikiliza kwenye simu ndani ya matatu ya saa kumi na moja alfajiri, na sihitaji mtu anifafanulie.

Na gitaa la pedali! Ukiniuliza nini hasa kinachonishika, ni hilo. Linalazwa kama meza, mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono mmoja, huku miguu na magoti yakivuta nyuzi zipande au zishuke. Kwa hiyo sauti haikatiki kutoka noti hadi noti, inajikokota, kama mtu anayejikaza asilie. Katika albamu hii wanalipiga Lloyd Green na JayDee Maness, na Green peke yake ni sababu tosha ya kuinunua.

Lakini kuna jambo linaniuma katika Sweetheart, na baada ya kisa cha kava linaniuma zaidi. Parsons alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni ya rekodi ya Lee Hazlewood, likazuka tishio la kisheria, na sehemu ya sauti zake ikafutwa, Roger McGuinn, kiongozi wa Byrds, akaimba upya juu yake. Zilibaki nyimbo tatu tu ambazo Parsons ndiye anayeongoza. McGuinn ni mwimbaji mzuri, ila anaziimba kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Baadaye rekodi zenye sauti ya Parsons zilitolewa. Zisikilize, halafu uniambie kama hukuhisi kuibiwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kukwambia uanze na Sweetheart. Nabadilisha. Anza na The Gilded Palace of Sin ya bendi ya Flying Burrito Brothers, ya 1969, ambayo Parsons aliifanya na Chris Hillman baada ya wote wawili kuondoka Byrds. Hapa hakuna aliyemfuta. Sneaky Pete Kleinow anapitisha gitaa la pedali kwenye mtambo wa kukwaruza sauti mpaka linanguruma kama gitaa la rock, na dakika mbili baadaye linarudi kuomboleza. Wanachukua nyimbo mbili za soul za Dan Penn na Chips Moman na kuzifanya country bila kuzitoa roho. Kama una rafiki anayeapa kwamba country ni muziki wa wazee, mpe hizo mbili. Wakati ule haikuuzwa, na bado inanishangaza.

Grievous Angel ya Parsons ni ya usiku, ukiwa peke yako. Ilitoka 1974, miezi michache baada ya yeye kufariki huko Joshua Tree, California, akiwa na miaka 26. Anaimba na Emmylou Harris, na sauti zao zinakaribiana kiasi kwamba unasahau nani ameanza. Yake imechoka kidogo, inapasuka pembeni, naye Emmylou anaishikilia isianguke. Pengine hii ndiyo bora kuliko zote. Leo naona hivyo.

Desperado ya Eagles utaambiwa na kila mtu. Ni nzuri, ila imepigwa pasi mno, hakuna mkunjo hata mmoja.

Kuhusu duka: nilitaka kusema nenda, kwa sababu kweli ana santuri ambazo huzipati kwingine, na siku ya kwanza alinipa kiti na chai. Chagua, lakini ichomoe santuri mbele yake, usome karatasi ya katikati, uitazame kwenye mwanga. Hapana. Nikikumbuka vile alivyowageukia wale wawili badala ya kunitazama mimi, usiende.

Kava nimelitundika ukutani, tupu. Ninachowaza ni kwamba kuna mtu mahali fulani mwenye kava la Krismasi la Jim Reeves, na Desemba atatia sindano mbele ya watoto asikie gitaa la pedali. Kama ni wewe, tafadhali usiitupe. Santuri yako ninayo, nimeiosha, haina mkwaruzo hata mmoja. Nitakuja nayo popote ulipo tubadilishane.